Jinsi ya kusoma daftari la oda la soko la hisa kabla hujaweka hela yako

Mtu anayenunua hisa na kuziuza siku hiyohiyo, kabla soko halijafungwa, karibu kila mara huanza na chati. Chati ina faida yake, lakini ni kumbukumbu ya bei zilizokwisha kupita. Daftari la oda linaonyesha foleni iliyopo sasa hivi: kwa kila bei, hisa ngapi zinatafutwa na ngapi zinauzwa. Wengi wakiliona kwa mara ya kwanza hudhani wamepata ufunguo. Wanaona hisa 20,000 zimepangwa upande wa wanunuzi, wanasema "hapa bei haishuki tena," wananunua, na sekunde mbili baadaye hizo hisa 20,000 hazipo.

Oda iliyokaa kwenye daftari ni ahadi ya kununua au kuuza, na mwenyewe anaweza kuifuta wakati wowote. Kwenye masoko ya hisa ya Marekani oda nyingi sana hufutwa kabla ya kutekelezwa. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: usisome picha ya daftari, soma matukio yanayoibadilisha. Nani ameingia, nani amefuta, nani amekubali bei ya mwenzake. Huo ni ujuzi unaofundishika, na unaweza kuupata kwa data ya bure bila kufungua akaunti kwa dalali yeyote.

Hatua ya 1: Ielewe picha yenyewe

Chukua daftari hili la mfano, bei zikiwa kwa dola.

Wauzaji:
100.05 – hisa 900
100.04 – hisa 400
100.03 – hisa 300

Wanunuzi:
100.01 – hisa 500
100.00 – hisa 1,200
99.99 – hisa 800

Bei nzuri kwa anayetaka kununua sasa hivi ni 100.03, na kwa anayetaka kuuza sasa hivi ni 100.01. Kati yake kuna pengo la senti 2, na bei ya katikati ni 100.02. Oda zote unazoziona hapo ni oda za bei maalumu: mwenyewe amesema "nitanunua kwa bei hii au chini yake" au "nitauza kwa bei hii au zaidi," kisha akakaa kusubiri. Anayetuma oda ya soko hasubiri. Anachukua kilichopo.

Sasa fanya hesabu hii kwa mkono, usiiruke. Unatuma oda ya soko kununua hisa 1,000. Unapata 300 kwa 100.03, 400 kwa 100.04 na 300 kwa 100.05. Wastani wako ni 100.04. Ukijuta papo hapo na kuziuza zote, unapewa 100.01 kwa hisa 500 na 100.00 kwa hisa 500 nyingine, wastani 100.005. Umepoteza dola 35 bila soko kusogea kokote, na dalali bado hajakata chake. Daftari limekuonyesha gharama hiyo kabla hujabonyeza kitu. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza na ya uhakika kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopuuzwa na wanaokimbilia kutabiri.

Hatua ya 2: Jua foleni inavyokwenda

Nasdaq, soko la hisa la Marekani, kama masoko mengi ya hisa, hutanguliza bei, kisha muda. Mwenye bei nzuri zaidi huhudumiwa kwanza. Wakilingana bei, aliyewahi ndiye anayetangulia. Ukiweka oda ya kununua hisa 100 kwa 100.01 kwenye mfano wetu, mbele yako kuna hisa 500. Utapata zako baada ya zile oda za hisa 500 kutekelezwa au kufutwa.

Hapa pana mtego unaowagharimu watu hela nyingi. Kukaa kwenye foleni kunakuokolea pengo la bei, kwa hiyo kunaonekana ni akili kuliko kutuma oda ya soko. Lakini fikiria ni wakati gani foleni nzima mbele yako inamalizika na kufika kwako: mara nyingi ni pale wauzaji wanapomiminika, na wakishamaliza ngazi ya 100.01 wanaendelea na 100.00. Umepata hisa ulizozitaka, na bei tayari inashuka. Siku bei inapopanda, foleni haisogei na oda yako inabaki pale pale bila kutekelezwa. Ukijaribu mkakati wako kwenye data na ukajihesabia kwamba kila mara bei ilipogusa oda yako ulinunua, umejidanganya. Hesabu nafasi yako kwenye foleni, au chukulia kwamba ulipata hisa pale tu bei ilipovuka oda yako na kwenda mbele.

Hatua ya 3: Pata data halisi ya kujifunzia

Skrini ya dalali inabadilika haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, kwa hiyo mwanafunzi anahitaji data iliyohifadhiwa, anayoweza kuisimamisha na kuirudia. Mahali pazuri pa kuanzia ni LOBSTER, mradi ulioanzia chuo kikuu cha Humboldt mjini Berlin, unaojenga upya daftari la Nasdaq kutokana na ujumbe ambao soko lenyewe hutangaza. Wanatoa bure sampuli za siku moja, 21 Juni 2012, za kampuni tano: Apple, Amazon, Google, Intel na Microsoft.

Usiogope umri wa data hiyo. Namna oda zinavyoingia, zinavyofutwa na zinavyotekelezwa ni ileile, na hapa hufanyi biashara, unajifunza kusoma. Faili la Apple lina matukio zaidi ya 400,000 kwa siku hiyo moja, ambayo bado yanaingia kwenye Excel, maana Excel hubeba mistari zaidi ya milioni moja. Ukijua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, utakwenda kasi zaidi, lakini si sharti.

Anza na Intel, achana na Apple kwanza. Sababu inatosha kuwa somo kamili. Hisa ya Intel wakati huo iliuzwa dola 27 hivi, na Apple ilikuwa zaidi ya dola 580, kabla haijagawanywa (hisa moja kuwa saba) mwaka 2014 na tena (moja kuwa nne) mwaka 2020. Hatua ndogo kabisa ya bei kwa zote mbili ilikuwa senti 1. Kwa hisa ya dola 27, senti 1 ni kubwa kiasi kwamba wengi hurundikana kwenye bei ileile: pengo hukaa senti 1 muda mrefu, foleni ni ndefu, na bei husogea pale tu ngazi nzima inapomalizwa. Kwa hisa ya dola 580, senti 1 si kitu. Pengo hupanuka hadi senti kadhaa, foleni ni fupi, na oda mpya huingia katikati ya pengo kila mara. Kwenye Intel, urefu wa foleni ndio habari. Kwenye Apple ya siku ile, habari ni pengo lenyewe na kasi ya kufuta. Anayetumia kanuni moja kwa hisa zote mbili atapotea.

Hatua ya 4: Soma faili mstari kwa mstari

Kila hisa ina mafaili mawili. La kwanza ni la matukio, lenye safu sita: muda, aina ya tukio, namba ya oda, idadi ya hisa, bei na upande. La pili ni la daftari: kila mstari wake unaonyesha hali ya daftari mara baada ya tukio la mstari wenye nafasi hiyohiyo kwenye faili la kwanza. Safu zake zinaanza na bei nzuri ya muuzaji, idadi yake, bei nzuri ya mnunuzi, idadi yake, kisha ngazi inayofuata kwa mpangilio uleule.

Muda huhesabiwa kwa sekunde tangu usiku wa manane wa New York. Soko hufunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa zao, yaani sekunde ya 34,200, na kufungwa sekunde ya 57,600. Bei imezidishwa mara 10,000, kwa hiyo 271500 ni dola 27.15. Upande ni 1 kwa oda ya kununua na -1 kwa oda ya kuuza. Aina za matukio utakazokutana nazo kila dakika ni hizi: 1 ni oda mpya, 2 ni oda iliyopunguzwa, 3 ni oda iliyofutwa yote, 4 ni oda iliyotekelezwa ikiwa inaonekana kwenye daftari, na 5 ni utekelezaji wa oda iliyofichwa.

Angalia mistari hii mitatu. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili ueleweke mwendo wake:

34215.402, 1, 16120001, 300, 271500, 1
34219.771, 4, 16120001, 100, 271500, 1
34221.005, 3, 16120001, 200, 271500, 1

Sekunde 15 baada ya soko kufunguliwa, mtu ameweka oda ya kununua hisa 300 kwa dola 27.15. Sekunde nne baadaye hisa 100 zimetekelezwa. Zaidi kidogo ya sekunde moja baada ya hapo amefuta 200 zilizobaki. Oda imeishi sekunde 5.6 tu. Huyu alikuwa mnunuzi, na mara tu alipoguswa akakimbia. Picha ya daftari isingekuambia hivyo, maana kwenye picha ungeona tu hisa 300 zikipungua.

Tazama tena mstari wa pili, hasa ile 1 ya mwisho. Inaelezea oda iliyokuwa imekaa kwenye daftari, ambayo ni ya kununua. Aliyekuja kuikubali ni muuzaji. Kwa hiyo aina ya 4 yenye 1 maana yake ni kwamba muuzaji ndiye aliyekuwa na haraka, na yenye -1 maana yake mwenye haraka ni mnunuzi. Ukigeuza hili, kila kitu utakachokokotoa baadaye kitakuwa kinyume, na namba zitaendelea kuonekana safi kabisa. Liandike kwenye karatasi na ulibandike karibu na kompyuta.

Aina ya 5 nayo inastahili kusimamishwa. Utaona biashara zikifanyika kwa bei ambayo haikuwepo kwenye daftari, pengine katikati ya pengo. Hazikutoka hewani, Nasdaq inaruhusu oda zisizoonekana. Tena kumbuka kwamba daftari la Nasdaq ni sehemu tu ya soko. Hisa ileile inauzwa kwenye masoko mengine zaidi ya kumi ya Marekani, na sehemu kubwa ya biashara hufanyika nje ya masoko hayo ya wazi. Ukiona daftari lako limenyamaza na bei ikaruka, huenda kilichotokea kilitokea kwingine.

Hatua ya 5: Fuatilia oda kubwa tangu inapoingia

Chuja faili kwa namba ya oda. Tafuta oda mpya ambazo ni kubwa mara kadhaa kuliko kawaida ya hisa hiyo, kisha kwa kila moja jiulize: iliwekwa umbali gani kutoka bei nzuri? Ilidumu muda gani? Ilitekelezwa hata kidogo? Ilipofutwa, upande wa pili kulikuwa kumetokea nini?

Oda kubwa inayowekwa upande wa wanunuzi na kufutwa kila bei inapoisogelea, huku upande wa wauzaji kukifanyika mauzo, ni dalili ya oda ya kuzuga: imewekwa ili wengine waamini kuna mahitaji. Marekani ilipiga marufuku mchezo huo waziwazi kwenye masoko ya mikataba ya baadaye (makubaliano ya leo ya kununua au kuuza kitu siku ya mbele kwa bei iliyopangwa) kwa sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010. Kesi mbili zimebaki mfano. Navinder Sarao, aliyefanya biashara ya mikataba hiyo akiwa nyumbani kwao London, alikiri makosa mwaka 2016. Mashtaka yake yaligusa pia 6 Mei 2010, siku faharasa ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipoporomoka karibu pointi 1,000 kwa muda mfupi na kurudi. Mwaka 2020 benki ya JPMorgan Chase ilikubali kulipa dola milioni 920 kwa oda za kuzuga kwenye madini ya thamani na hati za serikali. Kama benki ya ukubwa huo iliweza kuwazuga wataalamu, wewe mbele ya skrini yako usijione una kinga.

Lakini usimtuhumu kila anayefuta. Anayefanya kazi ya kununua na kuuza pande zote mbili hufuta na kuweka upya kila bei inapobadilika popote, na hiyo ni kazi halali inayoleta ukwasi, yaani urahisi wa kununua na kuuza. Tofauti utaiona kwenye marudio na kwenye upande wa pili. Oda moja iliyofutwa haithibitishi chochote.

Hatua ya 6: Kokotoa mambo mawili tu

La kwanza ni uwiano wa foleni kwenye bei nzuri. Gawanya hisa za wanunuzi kwa jumla ya pande zote mbili. Kwenye mfano wetu wa mwanzo ni 500 gawanya kwa 800, sawa na 0.625. Ikizidi 0.5, upande wa wanunuzi ni mzito, na bei inayofuata ina uwezekano zaidi wa kupanda. Kwa hisa za aina ya Intel kipimo hiki kinafanya kazi vizuri, ila muda wake ni mfupi sana, mara nyingi hadi badiliko moja la bei.

La pili lina nguvu zaidi: mtiririko wa oda. Kwa kila tukio, kama bei ya mnunuzi haijabadilika, chukua ongezeko la hisa zake. Hisa zikitoka 500 kwenda 700, andika +200. Bei yake ikipanda, ongeza hisa zote mpya. Ikishuka, toa zote zilizokuwepo. Upande wa muuzaji fanya kinyume: hisa zake zikitoka 300 kwenda 100, hiyo pia ni +200, kwa sababu kizuizi cha juu kimepungua. Jumlisha kwa kila sekunde 10 na ulinganishe na badiliko la bei ya katikati kwa sekunde hizohizo.

Rama Cont, Arseniy Kukanov na Sasha Stoikov walichapisha mwaka 2014 utafiti wa hisa 50 za Marekani ulioonyesha kwamba badiliko la bei huenda sambamba na mtiririko huu karibu kwa mstari ulionyooka, na kwamba daftari likiwa jembamba, yaani lenye hisa chache, mtiririko uleule husogeza bei zaidi. Ichore mwenyewe kwa data ya Intel. Ukiona nukta zinajipanga, utajua umeelewa data. Ila elewa kilichosemwa: vinakwenda pamoja, kwa wakati mmoja. Kipimo kinakueleza kwa nini bei imesogea sasa. Kusema itakwenda wapi dakika ijayo ni madai mengine, na hayo lazima uyapime wewe kwa kulinganisha mtiririko wa kipindi hiki na bei ya kipindi kinachofuata. Uhusiano utakaouona utakuwa dhaifu zaidi.

Hatua ya 7: Jipime ukiwa umeficha jibu

Fungua data mahali popote, soma matukio ya dakika moja, funika yanayofuata. Andika: bei itakuwa wapi baada ya sekunde 30, na kwa nini. Funua. Fanya hivyo mpaka uwe na mamia ya majibu yaliyoandikwa, kisha toa kwenye kila "ushindi" pengo la bei na ada ya dalali. Usipate tamaa ya kutazama asilimia ya majibu sahihi peke yake. Mtu anaweza kupatia mara sita kwa kumi na bado akapoteza hela kwa sababu anapata senti 1 na kulipa 2.

Umbali nao uuweke kwenye hesabu. Mitambo ya Nasdaq ipo Carteret, New Jersey. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 11,000, na mwanga ndani ya nyaya huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wako hauwezi kufika chini ya milisekunde 55 hata intaneti yako iwe bora kiasi gani. Kompyuta zilizo jengo moja na soko zimeshamaliza. Biashara ya kushindania badiliko moja la bei usiiguse. Kinachokubaki ni kusoma mwelekeo wa dakika kadhaa, na kuchagua saa. Dakika za kwanza baada ya kufunguliwa, saa 10:30 jioni kwetu Marekani ikiwa kwenye saa za kiangazi na 11:30 jioni wakati mwingine wa mwaka, pengo huwa pana na oda hufutwa kwa fujo. Mwanafunzi atazame tu.

Na ujue wenzako waliishia wapi. Utafiti wa Brazil uliofanywa na Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti uliwafuatilia watu walioanza biashara ya siku moja kwenye mikataba ya faharasa ya hisa. Kati ya walioendelea zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza hela. Nakuandikia hili ili mazoezi ya hatua hii uyachukue kwa uzito: kama daftari lako la majibu halionyeshi faida baada ya gharama, akaunti halisi haitaionyesha.

Kwa masoko yetu

Soko la Hisa la Nairobi liliruhusu biashara ya siku moja Novemba 2021, na swali la kwanza la wengi ni kama ujuzi huu unahamishika huko. Usomaji unahamishika, kasi haihamishiki. Tuseme hisa ni ya shilingi 20, inasogea kwa senti 5, na dalali pamoja na tozo wanachukua asilimia 1.5 kila upande. Kununua na kuuza kunakugharimu senti 60, yaani bei inapaswa kupanda hatua 12 ndipo urudishe chako. Uwiano wa foleni unaokuambia kuhusu hatua moja hautakuvusha hapo.

Daftari lina matumizi mengine kwenye soko jembamba, na kwangu haya ndiyo ya maana zaidi kwa mwenye hisa wa kawaida wa Nairobi au Dar es Salaam. Kabla ya kununua, mwombe dalali akuonyeshe ngazi tano za kila upande, si bei ya mwisho tu. Jumlisha hisa zilizopo mpaka kufikia kiasi unachotaka, kokotoa wastani kama tulivyofanya hatua ya kwanza, na ulinganishe na bei nzuri. Ukikuta tofauti ni zaidi ya hatua mbili za bei, usitume oda ya soko. Gawa kiasi chako, weka sehemu ya kwanza kwa bei maalumu iliyo hatua moja juu ya mnunuzi wa mbele, na uache soko likufuate mpaka saa ya kufunga.